Kanisa la Kirumi Lisilo la Roma

Wasimulizi wengi wa safari huanza na hamu ya kuiona dunia. Mimi nitasema ukweli: niliondoka Birmingham kwa sababu ya aerobiki.

Kamati ya ukumbi wetu wa Small Heath, ule ulio nyuma ya maduka ya Coventry Road, ilituambia kwamba kwaya yetu ya Kiswahili inashika chumba kila Jumamosi na hakuna aliyewahi kuisikia ikiimba mbele ya watu. Kuna kina mama wanaorukaruka kwa muziki ili wapungue, nao wanakitaka chumba hicho. Basi, ama kwaya iimbe mahali panapoeleweka kabla kiangazi hakijaisha, ama chumba kiende kwa wanaoruka.

Niliumia sana. Wiki nzima nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naongea Kiingereza mpaka taya zinachoka. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuwa mtu. Nafungua mdomo, na kinachotoka ni changu. Kwaya ilikuwa imebaki na watu wachache, kila mmoja na dhehebu lake: Walutheri, Wapentekoste, Wakatoliki, yaani Waroma, wawili watatu. Mimi ndiye mwalimu wao, Mlutheri, Mpare wa Mbaga, na Mpare ukitaka kumnyang'anya kitu chake ujiandae kwa kesi.

Mwaliko ulitoka kazini. Nilikuwa natandika kitanda cha bibi mmoja huku naimba, binti yake akasimama mlangoni akinisikiliza. Jina lake Margaret, mama wa makamo, mzee wa kanisa katika kijiji kimoja cha Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales. Akaniambia kanisa lao ni la zamani sana, na Jumamosi ya sikukuu ya mtakatifu wao kijiji kizima hukusanyika. Je, kwaya yangu ingekuja kuimba? Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Akanipa na kijikaratasi chenye picha ya kanisa, nikakibandika kwenye mlango wa ukumbi.

Hapo ndipo alipoingia Massawe. Massawe ni dereva wa basi dogo la ukumbi, Mchaga wa Kibosho, Mroma wa kuzaliwa, na ni mtani wangu. Kwetu Wapare na Wachaga ni watani: ana ruhusa ya kunitukana hadharani nami nina ruhusa ya kumtukana, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwenye kijikaratasi kile paliandikwa kwamba kanisa ni la mtindo wa "Romanesque". Massawe akasoma herufi za mwanzo, zikamtosha.

"Jamani, tunakwenda kwetu!" akatangaza Coventry Road nzima. "Kanisa la Roma, la tangu enzi!"

Kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imefika kila nyumba. Wapentekoste wakasema hawaendi kuimba mbele ya sanamu. Walutheri wakakumbuka kwamba wana zamu kazini. Waroma ndio waliofurahi, mpaka mmoja wao akapiga simu kijijini kuuliza saa ya misa, akajibiwa kwamba kanisa ni la Kianglikana. Nao wakakasirika, eti mwalimu amewadanganya. Neno moja la ujenzi limenimalizia kwaya pande zote mbili!

Jumamosi asubuhi nilisimama nje ya ukumbi na mkoba wangu, nikiangalia kila basi linalosimama. Alishuka Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayekaa Ladywood, sauti ya pili, na beseni la maandazi kichwani. Akaja Otieno kutoka Washwood Heath, kijana wa Kisumu, sauti ya nne, bado na koti la ghalani anakofanya kazi usiku. Mimi naimba ya kwanza. Tukangoja. Hakuna mwingine aliyekuja.

"Mwalimu, bengine beko wapi?" Mama Furaha akauliza.

"Muulize dereva," nikasema.

Massawe akajifanya anapangusa kioo.

"Sisi batatu tu? Na sauti ya tatu ni nani ataimba?"

"Wacha stress, mwalimu," Otieno akasema. "Sisi ndio tuko. Twende tu."

Njiani sikumsemesha Massawe. Tuliuacha mji kwa barabara kuu ya kusini, magari ya mizigo yakitupita kwa kishindo, kisha tukakunja magharibi na barabara zikaanza kuwa nyembamba. Nyumba za matofali zikaisha, yakaja mashamba ya matufaha na kondoo wengi kuliko watu. Nilikuwa nimeshika ramani magotini, nikimwelekeza kwa kidole tu, maana kumsemesha kungemfaidisha. Yeye, kwa kunichokoza, akawa anaimba kwa pua. Nilimsikiliza bila kutaka. Alikuwa anaimba wimbo wetu wa shukrani, ule niliofundishwa na bibi yangu kwa Kipare nami nikaupanga kwa sauti nne. Na hakuwa anaimba ya kwanza, kama mtu afuataye tu. Alikuwa anaimba sauti ya tatu, noti kwa noti.

"Umejifunza wapi huo?" nikamuuliza, hasira zikiwa palepale.

"Kila Jumamosi nakaa kwenye gari nje ya dirisha lenu, nangoja kuwarudisha watu. Ungependa nizibe masikio?"

"Basi leo utaimba."

"Mimi ni dereva," akasema. "Halafu Mpare hujaniomba, umeniamuru."

Nikarudi kwenye ramani yangu. Kama ni kiburi, nilikuwa nacho cha kututosha wote wawili.

Tulifika kijijini kabla ya mchana. Nilitegemea kanisa kubwa lenye minara ya kutoboa mawingu, kama yale ya kwenye kadi za Krismasi. Tukakuta kajengo kadogo juu ya kilima, makaburi pande zote, mawe mekundu kama udongo wa Mbaga baada ya mvua. Hakuna mnara, kengele mbili tu ndani ya kidirisha juu ya paa. Nikajisemea, hata kamati ikiona picha yake itasema tumeimba stoo.

Kisha tukafika kwenye mlango wa kusini, na nikasahau niliyokuwa nayawaza. Kila upande kuna nguzo zilizochongwa kuanzia chini hadi juu: majoka yanayomezana mikia, askari wembamba waliovaa suruali za mistari wakijishikilia kwenye mizabibu. Juu ya nguzo kuna tao la nusu duara, limezungukwa na vichwa vya ndege wenye midomo mirefu, na mistari ya kupinda kama ukili wa mkeka. Na katikati ya tao, jiwe moja zima lenye mti uliochongwa, vishada vya zabibu vikining'inia. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nilikuwa naogopa kugusa, kwa jinsi lilivyoonekana kama limechongwa juzi.

Massawe akawahi mbele, akasimama mlangoni akitanua mikono, kama watani wafanyavyo arusini kumzuia bwana arusi.

"Mgeni apige hodi kwa mwenye nyumba! Mlutheri haingii Roma bure."

Nikatoa andazi kwenye beseni la Mama Furaha, nikamtia mkononi. Akala. Hapo Margaret akatokea ndani, mikono imejaa maua, akauliza kuna nini. Nikamwambia bwana huyu anasema kanisa ni la Wakatoliki. Margaret akacheka kwa upole, akatuonyesha ubao wa matangazo ulioandikwa wazi kwamba ni Kanisa la Uingereza. Na neno lile, akaeleza, halihusu dini wala Warumi wenyewe. Ni jina ambalo wataalamu waliupa mtindo huu baadaye sana, kwa sababu wajenzi wa enzi hizo walirudia matao ya mviringo kama ya majengo ya Warumi wa kale.

Massawe alishusha mikono. Habari ya ile simu alikuwa ameikataa, lakini ubao ulikuwa mbele ya macho yake. Akatoka, akaenda kukaa kwenye ukuta wa makaburi. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ndani furaha haikudumu. Kanisa ni vyumba vitatu vinavyofuatana, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia: cha watu, cha makasisi, na mwisho cha altare, chenye ukuta wa nusu duara na dari la mawe lenye mbavu. Madirisha ni vitundu tu, kuta nene kiasi kwamba Otieno aliingiza mkono mzima dirishani na bado hakufikia kioo. Karibu na mlango kuna birika la ubatizo la jiwe, kubwa la kuweza kumzamisha mtoto. Tukajipanga watatu mbele ya altare. Nikatoa noti, so, mi, do, tukaanza kwa mwendo wetu wa Small Heath, ule wa harakaharaka.

Ikawa vurugu. Neno la kwanza halijatua, la tatu limeshatoka, na kuta zikawa zinarudisha yote kwa pamoja. Na katikati ya sauti zetu palikuwa na shimo, pale ambapo sauti ya tatu inatakiwa kuishika ya pili na ya nne zisiachane.

"Hii ukuta iko inatujibu, kweli, vraiment!" Mama Furaha akashangaa.

"Inatusuta," nikasema.

Nikasogea mahali pengine, nikapiga kofi moja. Nikasogea tena, nikapiga. Nilipofika chini ya tao linalotenganisha watu na makasisi, lenye watakatifu watatu wamesimamishwa mmoja juu ya mwingine kila upande, kofi langu liliondoka, likazunguka ile nusu duara, likarudi limenenepa. Nikaelewa. Waliojenga hapa hawakuwa na vipaza sauti. Nyumba yenyewe ndiyo waliyoitengeneza iimbe, na sisi tulikuwa tunamkatiza mwenyeji akiongea. Tukajaribu upya, polepole. Tukaimba mstari, tukanyamaza, tukaacha ukuta umalize, ndipo tukaendelea. Nywele zilinisimama. Lakini lile shimo lilibaki, na sasa lilisikika vizuri zaidi, kwa sababu ukuta nao ulikuwa unalirudia.

Kwa hiyo nikatoka nje kumtafuta mtani wangu.

Nyuma ya kanisa nilimkuta na Margaret, wanatazama juu. Chini kidogo ya paa, kuzunguka jengo zima, kuna mawe yaliyojitokeza, na kila moja limechongwa kichwa. Nguruwe. Mtu anayepiga zeze. Mbwa na sungura waliokumbatiana wamekodoa macho. Dubu mwenye mtu mdomoni. Mwingine anavuta midomo yake kwa vidole kama mtoto mkorofi. Margaret alikuwa anaeleza kwamba hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini viliwekwa kwenye nyumba ya Mungu. Wengine husema ni vya kutisha shetani, wengine husema ni onyo la dhambi, na padri mmoja wa zamani, wasemavyo kijijini, alitaka kuvivunja.

"Mpare, njoo umwone babu yako," Massawe akaniita, akionyesha kimoja kilichokaza taya. "Yule pale. Kaombwa chumvi."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya upole. Yakapotea.

"Na wa kwako yule mwenye mdomo kama pipa," nikajibu. "Kasikia kuna pombe ya mbege kwa jirani."

"Na yule mbwa mwenye masikio? Shahidi wa Mpare mahakamani!"

"Na yule dubu? Mchaga anakwenda kwao Krismasi, kabeba mpaka mwenye duka!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Margaret akauliza tunagombana au tunacheza. Nikamweleza utani. Nikamwambia kwamba kwetu mtani haji kwenye sherehe tu, anakuja hata msibani. Baba yangu alipofariki, watu wamekaa kimya uani, mtani mmoja Mchaga alitoka ndani amevaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wake uleule wa kuvuta mguu, anaulizia kwa sauti ileile nani kamwachia mbuzi shambani. Mama yangu, ambaye hakuwa amekula wala kulala, alicheka. Akacheka, ndipo akalia, ndipo akaomba uji. Sijamsahau mtu yule.

Margaret akaviangalia tena vile vichwa.

"Kwa hiyo hawa ni watani," akasema, akilitamka neno letu kwa shida.

"Sijui," nikamjibu. "Lakini kama kwetu wangejenga hivi, wangekuwa ndio."

Nikamgeukia Massawe. "Nakuomba. Siamuru. Njoo uimbe sauti ya tatu. Bila wewe chumba kinakwenda, na mimi sina pengine pa kuimbia."

Akanitazama. Aliona kwamba sitanii tena. Lakini mtani ni mtani.

"Sema kwanza hili kanisa ni la Roma."

"Siwezi kusema uongo kwenye makaburi ya watu."

"Basi mimi ni dereva."

Margaret, aliyeomba atafsiriwe, akakohoa kidogo. "Kusema kweli," akasema, "lilipojengwa, karibu miaka mia tisa iliyopita, Uingereza yote ilikuwa chini ya Papa. Mawe haya yote yaliwekwa na Wakatoliki. Kwa mamia ya miaka misa ilisomwa hapa kwa Kilatini."

Massawe alirusha kofia juu. "Mnaona! Mnaona!" Alikosea neno, akapatia jambo. Na mimi Mpare, niliyeapa sitashindwa kesi, nikashindwa mbele ya shahidi.

"Haya," nikasema. "Lilikuwa la Roma. Umeridhika?"

"Nipe noti, mwalimu," akasema.

Alasiri watu walijaa. Wazee kwa vijana, wakulima na viatu vya matope, mbwa wawili chini ya viti. Nilimwona mzee mmoja mbele akihesabu sisi wanne kwa macho, halafu akatazama mlango kama anasubiri kwaya iingie. Tulisimama chini ya tao la watakatifu, migongo kwenye ile nusu duara. Nikatoa so, nikatoa mi, nikatoa do, na kwa Massawe nikatoa noti yake ambayo tangu asubuhi haikuwa na mwenyewe.

Tukafungua midomo. Otieno aliishusha besi yake sakafuni, Mama Furaha akaipandia, Massawe akaingia katikati akaziba lile shimo, na mimi nikapita juu. Tukaachia mstari wa kwanza, tukanyamaza. Na kanisa likaimba. Nawaapia, lilizungusha sauti zetu kwenye mawe yake mekundu, likazirudisha zimekuwa watu arobaini. Nilimwona yule mzee wa mbele akigeuka nyuma kuangalia wengine wamejificha wapi. Kwetu tunahesabu sauti nne. Siku hiyo ilikuwepo ya tano, na ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Nililia na kuimba kwa pamoja, sikuona aibu.

Tulipomaliza watu walingoja, kwa sababu ukuta nao ulikuwa haujamaliza. Kisha wakasimama wote. Walipiga makofi, wakapiga miguu kwenye sakafu ya mawe, mbwa wakabweka. Wakatuomba turudie. Tukarudia. Wakaomba tena, na mara hiyo Mama Furaha akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele chini ya dari lile. Kilizunguka kanisa kizima kama vile waalikwa wa arusi wameingia kwa milango yote. Margaret alikuwa amesimama karibu na birika la ubatizo, ameshika mashavu yake kwa mikono miwili.

Jioni tulirudi tumeshiba keki, buti ya gari imejaa matufaha tuliyopewa. Otieno alilala kabla hatujafika barabara kuu. Massawe aliimba njia nzima, nami nilimpokea, tukigombana kidogo juu ya mwendo.

"Mumefanya bien, muzuri sana," Mama Furaha akasema kutoka nyuma. "Lakini sasa munyamaze, mutu alale."

Wiki iliyofuata Margaret alitutumia gazeti la kijiji chao, picha yetu iko ukurasa wa mbele, chini ya lile tao. Nikalipeleka kwenye kamati, nikaliweka mezani. Chumba ni chetu mpaka leo. Kina mama wa kuruka walipewa Jumapili jioni. Na Jumamosi ile viti havikutosha. Walutheri walimaliza zamu zao zote kwa mpigo, Wapentekoste wakasema sanamu za nje si mbaya sana, Waroma wakadai wao tangu mwanzo walijua.

Nilijifunza kwamba nyumba nzuri haisubiri muwe wengi ndipo iwapokee. Waliojenga kanisa lile walitangulia kutujua: waliweka ndani mahali pa kuimbia, na nje mahali pa kuchekea, na hawakuona kama kimoja kinakitia doa kingine.

Margaret ametualika tena. Safari hii nilikuwa mwangalifu. Nilibandika tangazo mlangoni nikaandika tu: "Tunakwenda kuimba kwenye kanisa la mawe mekundu." Niliporudi Jumamosi, nikakuta mtu ameongeza chini yake, kwa kalamu nzito ya dereva: "La Roma." Nilitoa kalamu yangu nikate. Ndani sauti ya tatu ilikuwa imeshaanza mazoezi bila mimi, nikaisikiliza kidogo, nikarudisha kalamu mkobani.